Klachi ya mafuta: kutoa upepo siyo matengenezo

Swali: Nina vani ya zamani. Pedali ya klachi inazama mpaka chini na gia ya rivasi inakwaruza, ila nikipampu mara mbili tatu inaingia. Fundi ametoa upepo kwenye mafuta ya klachi mara tatu mwezi huu. Inakaa siku chache, hali inarudi. Sasa anataka ashushe giaboksi abadilishe klachi nzima. Nimruhusu?

Jibu: Subiri kwanza. Sahani ya klachi ikiisha, injini hupiga kelele mlimani na gari halivuti, halafu unasikia harufu ya kuungua. Yako haiachii injini ukikanyaga, na kama kupampu kunaisaidia, anza kwenye mafuta yanayopeleka nguvu ya pedali hadi klachi.

Hiki cha kutoa upepo kila wiki nakutana nacho mno, na kinaniudhi. Upepo umepenya mahali, na mahali hapo fundi wako hajapatafuta. Funua raba ya vumbi ya silinda ya chini, pale inaposukuma uma wa klachi. Ukikuta majimaji, silinda imekwisha. Kisha ingiza mkono nyuma ya pedali, fimbo inapoingia kwenye masta, yaani silinda ya juu inayosukumwa na pedali: mara nyingi ndipo mafuta yanapochuruzika polepole hadi chini ya kapeti, na nje huoni tone. Kote kukavu? Kanyaga pedali uishikilie. Ikizama taratibu chini ya mguu, raba za ndani ya masta zinapitisha mafuta. Mwenzio akikanyaga, shika mpira wa mafuta. Ukiuhisi unavimba, ubadilishe. Giaboksi itashuka kwa ajili ya mafuta pale tu silinda ya chini ilipofungwa ndani yake.

Silinda ikifunguliwa, pitisha kidole ndani. Ukihisi vishimo vya kutu, nunua nzima. Kuisugua kwa msasa na kuweka raba mpya ni kukuuzia wiki mbili, kwa sababu raba hizo zitakatwa na vishimo vilevile.

Na chonde, mafuta yakipungua usikubali mtu aongeze oili ya injini wala ya stelingi eti "yote ni mafuta". Tumia mafuta ya breki ya DOT (alama ya daraja la mafuta hayo) iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili hizo huvimbisha raba mpaka zinakuwa laini kama jeli. Kwenye vani nyingi klachi na breki zinanywa kopo moja, kwa hiyo anayemimina oili humo ameharibu na breki. Ikishamiminwa, gari lisitembee tena: raba zote zilizoguswa zibadilishwe, za breki pia, na mabomba yasafishwe.