Kupanda Karthala kutokea Kigoma: pigeni hesabu ya maji kwanza

Mkuu, umeuliza kama mazoezi ya milima ya Gombe, hapa Kigoma, yanalitosha kundi lenu kupanda Karthala, mlima wa volkano kule Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, mwezi wa saba. Kwa miguu, yanatosha. Shida yenu itakuwa maji, maana Gombe mmezoea kukuta kijito bondeni, na mkishuka ziwa hili hapa.

Ngazidja mvua ni nyingi lakini mto wa kudumu hakuna. Kisiwa ni mawe ya volkano yenye matundu na nyufa, maji yote yanazama. Vijijini wanakinga ya mvua kwenye mabirika. Mlima ulipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia humo na watu wengi wakakosa maji ya kunywa.

Kwa hiyo kutoka Mvuni, kijiji kilicho juu ya Moroni, mpaka kilele cha mita 2,361, mtakunywa mlichobeba. Kwa safari ya siku mbili na kulala mlimani, kila mtu achukue lita 7.5, yaani chupa tano za lita moja na nusu. Nne ni za kunywa, moja ya kupikia na chai. Msibebe dumu moja la pamoja: likigonga jiwe likapasuka, mmemaliza safari. Mkifika pale msitu unapoisha, ficheni chupa moja moja ya kushukia na mwekeni mwenye kupakumbuka. Na dagaa mnaotaka kubeba, wakaangeni bila chumvi. Wenye chumvi watawamalizia maji kabla ya jioni.

Viatu ni buti ngumu. Lava iliyoganda ina ncha kama chupa iliyovunjika, yeboyebo haifiki nusu ya njia. Vaeni suruali ndefu na glovu za fundi ujenzi, kwa sababu ukiteleza unatanguliza kiganja. Kuteleza kwenyewe huwa wakati wa kushuka: changarawe nyepesi zinabingirika chini ya soli, basi pigeni hatua fupi, goti limekunjwa kidogo.

Mwezi wa saba ni kiangazi, mmechagua vizuri, ila juu usiku ni baridi kweli. Sweta zito na koti la mvua ni lazima.

Kufika kreta, yaani shimo la volkano kule juu, ondokeni kambini saa 10 alfajiri. Jua likipanda mawingu yanafunga, hamtaona kitu. Mwongozaji wa kijijini msimwache hata kama mna ramani kwenye simu. Vijia vya wakulima na wachungaji vinapishana, na kwenye ukungu vyote vinafanana. Akisema msiteremke ndani ya kreta, msibishane naye. Gesi nzito hutuama mabondeni, na mwaka 1903 iliua watu mlimani hapo.

Mitungi midogo ya gesi ya jiko hairuhusiwi kwenye ndege, tafuteni jiko hukohuko. Acheni siku mbili Dar kabla ya ndege, hasa mkishuka kwa treni. Bebeni yuro taslimu. Moja ni karibu faranga 492 za Komoro.

Lugha haitawasumbua sana. Maji wanasema "madji", na "marahaba" kwao ni asante, kwa hiyo usishangae kuisikia bila kutoa shikamoo. Msichote kwenye birika la mtu bila kumwomba, hata akiwa jirani wa mwongozaji wenu: yale ndiyo maji yake mpaka mvua irudi.