Muulize Shangazi: Chumba cha mlimani, dagaa wa mchanga na godoro la laki tatu

Shikamoo shangazi. Mimi kijana wa miaka 27, nauza kwenye duka la vifaa vya shule hapa mjini Mwanza. Nimepanga Bugarika, juu kabisa kule kwenye mawe, kodi 45,000 kwa mwezi. Maji napandishiwa, dumu moja 500, natumia matatu kwa siku. Sasa nimepata chumba chini karibu na lami, kina vigae na bomba lipo uani, ila wanataka 85,000, na maji tunachangia 6,000. Kaka yangu yuko Ukerewe, nikamwambia akaja juu, eti nimeanza kujiona, hela ya kulia raha si bora niitunze nioe. Nifanyeje?
Mpangaji, Bugarika

Marahaba mwanangu. Kaka yako namuelewa, yeye huko kisiwani hapandi mawe na mtungi wa gesi begani. Mimi nimekaa mlimani miaka minne kabla ya kuolewa na sitaki kuponda, maana jioni ule upepo wa ziwa unavyoingia dirishani na taa za mjini zote ziko chini yako, wenye hela wanalipia hotelini kuona hivyo hivyo. Lakini tupige hesabu. Madumu matatu ni 1,500 kwa siku, kwa mwezi 45,000. Yani unalipa kodi mara mbili, moja kwa mwenye nyumba moja kwa kijana wa maji, jumla 90,000. Chini ni 85,000 na 6,000 ya maji, 91,000. Huyo kaka yako anakugombeza kwa ajili ya buku moja!

Kinachowabakisha watu juu sio hiyo 85,000, ni kwamba mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo, 510,000, na wewe hela yako inatoka mia tano mia tano huoni inavyoisha. Cheza mchezo wa kupeana hela na wenzako hapo dukani, ukipokea ndo uhame, usikope. Alafu kabla hujalipa nenda ukakiangalie hicho chumba siku mvua imenyesha, kikiwa upande wa Mabatini karibu na mto Mirongo mwanangu bora ubaki na mawe yako, vigae vinapendeza lakini sio vikiwa chini ya maji.

Shangazi, mama mkwe amekuja kukaa na sisi, ananisema nina mkono mrefu kwenye matumizi kwa sababu nanunua dagaa wa kichanja wakati wa mchangani wapo kwa bei ya chini. Anasema dagaa ni dagaa. Nimjibu nini?
Mke wa mtu, Pasiansi

Usimjibu, mpikie. Chukua kisado cha wale wa mchangani uwaoshe mbele yake kwenye beseni jeupe, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, alafu muache aangalie kilichotulia chini. Ule mchanga umepimwa pamoja na dagaa na umeulipia. Na hata uoshe vipi, mtu atatafuna tu punje moja katikati ya ugali na hamu yote imeisha.

Wa kwenye kichanja wanapigwa na hewa juu na chini, wanakauka haraka, wanabaki weupe wa kung'aa hivi. Wale wa chini mvua ikiwakuta hawajakauka wanakuwa wa njano na harufu, hao wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku, ingawa wapo wauzaji wanaowachanganya, kwa hiyo ukienda soko la Mwaloni pale Kirumba usiridhike na waliopangwa juu ya gunia, ingiza mkono mpaka ndani utoe wa chini unuse.

Ila mama mkwe nae ana haki yake kidogo, kizuri sio lazima ukinunue siku kimepanda. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa hawaifuati taa vizuri na wavuvi wengi wanapumzika, bei inapanda. Wewe nunua giza likiwa limekolea, weka wa mwezi mzima ndani, hapo umekula wa kichanja na mkono wako umekuwa mfupi.

Shangazi, godoro letu limebonyea katikati, asubuhi mgongo unauma. Nimeona la laki tatu na la laki na nusu, yote 5 kwa 6 inchi 8, na vitambaa vinafanana. Mume wangu anasema tofauti ni jina tu.
Mama wa wawili, Igoma

Inawezekana kweli ni jina, usimbishie bado. Nendeni wote wawili dukani mkayanyanyue. Yakiwa saizi moja na yote ya sponji, zito ndo limeshindiliwa, jepesi ndani ni hewa na litabonyea kama hilo mlilonalo. Likiwa la laki tatu na bado jepesi, mume wako ameshinda, rudini nyumbani. Likiwa zito, huyo mwenye mgongo mgumu alale yeye katikati wiki moja kisha muongee tena. Na la zamani usiligawe, mashemeji wakivuka kutoka Sengerema watalalia nini.