Kihusishi mwishoni mwa sentensi si kosa

Kijana mmoja wa Mafinga ameniandikia akiwa amevunjika moyo. Aliyemsahihishia barua ya maombi ya kazi aliizungushia wino mwekundu sentensi hii, "These are the farmers I work with", akisema kwamba sentensi ya Kiingereza safi haimaliziki kwa kihusishi, yaani neno kama "with" au "for".

Maumivu hayo nayafahamu. Nilipokuwa nikiandika ripoti za wakulima wa parachichi wa Rungwe kwa shirika moja hapa Mbeya, mkuu wangu alizikata sentensi zangu za namna hiyo mbele ya wenzangu na kupachika "with whom" kila mahali, hata mkulima aliyezungumza kwa urahisi akasikika kama hakimu anayesoma hukumu. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu haki ilikuwa upande wangu.

Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, ambaye alikwisha kufariki, kwa kumaliza sentensi kwa vihusishi. Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, aliandika katika sarufi yake ya mwaka 1762 kwamba mtindo huo umeenea katika mazungumzo na unafaa maandishi ya kawaida, ingawa maandishi mazito hupendezwa zaidi na kihusishi kinachotangulia. Huo ulikuwa ushauri wa mtindo, lakini walimu waliofuata wakaugeuza amri. Kufikia mwaka 1926, H. W. Fowler, mtunzi wa kamusi ya matumizi ya Kiingereza, aliiita imani hiyo ushirikina, nami namuunga mkono kabisa.

Wadogo zangu, someni sentensi kwa sauti kabla ya kuibadilisha. Hakuna Mwingereza anayemuuliza mwenzake "For what are you waiting?" akiwa kituo cha basi. Katika mkataba, "the terms under which" inakaa vizuri. Katika barua ya kazi, "the farmers I work with" inatosha. Vivyo hivyo, msiogope "to better understand" eti kwa sababu neno limeingia katikati ya kitenzi.

Nguvu zenu zipelekeni kwenye vihusishi vya ziada, ambavyo katika barua ninazoletewa kutoka Iringa hadi Tukuyu navikuta kila mara: "discuss about the budget", "comprises of five villages". Hapo ndipo wino mwekundu unapostahili. Kijana wa Mafinga aiache sentensi yake jinsi ilivyo, aifute "about" iliyofuata "discuss" katika aya ya pili, kisha aitume barua.