"Hapa hakuna mwendawazimu"

SWALI: Hujambo mama? Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii Eastleigh, Nairobi. Kwenye ploti ninazozungukia wamo Wasomali, Waoromo, Wakamba na Wameru. Nikiuliza kuhusu afya ya akili, najibiwa: "Hapa hakuna mwendawazimu." Niandike nini?

JIBU: Mwanangu, usiandike kitu bado. Maneno hayo "afya ya akili" ndiyo yanayokufungia mlango. Nilipokuwa muuguzi niliyaacha, nikawa nauliza habari za usingizi: "Jana ulilala saa ngapi? Uliamshwa na nini?" Mama mmoja aliyenikatalia mara tatu alizungumza hadi chai ikapoa.

Kila lugha ina neno lake. Wasomali husema buufis, moyo ukishahamia ng'ambo na mwili umebaki hapa. Sisi twasema mawazo. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza huduma ya kusikiliza watu mwaka 2006 na nyanya 14 wa mtaa wa Mbare. Waliketi na watu kwenye benchi, wakatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Watu wakafunguka.

Nakusihi, usimtumie mtoto kutafsiri siri za mamake. Tafuta mtu mzima, asiwe jirani wa mlango kwa mlango.

Akitaja kujiua, usimwache peke yake. Mfuatane hospitalini siku hiyo hiyo. Akiogopa polisi, mwambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.