Libvirtd inaganda mashine ikiwaka: kagua hifadhi ya NFS kwanza

Ndugu, unasema libvirtd (huduma ya Linux inayosimamia mashine pepe) inakwama kila ukiwasha kompyuta, na `virsh list`, amri ya kuorodhesha mashine pepe hizo, nayo inakaa kimya bila kujibu. Usikimbilie kufuta na kusakinisha upya, utapoteza jioni bure.

Anza na `journalctl -b -u libvirtd` uone kumbukumbu za huduma hiyo, kisha `ps aux | grep mount` uone michakato inayoendelea. Ukiona mount.nfs imeng'ang'ania hapo, pengine na herufi D kwenye safu ya STAT (yaani imekwama ikisubiri), mchawi umempata: kuna hifadhi ya NFS (folda ya seva nyingine inayofikiwa kwa mtandao) uliyoipangia ijiwashe yenyewe, na seva yake haipatikani. Mimi yalinikuta baada ya kubadilisha ruta tu, anwani ya seva ikahama.

`virsh pool-autostart --disable`, amri ya kuzuia hifadhi isijiwashe, haitakufaa kwa sasa, maana virsh yenyewe inahitaji libvirtd iliyo hai. Ingia `/etc/libvirt/storage/autostart/`, futa kiungo (symlink) cha hifadhi hiyo (faili halisi liko folda ya juu yake, usiliguse), halafu washa kompyuta upya. Kama unatumia Fedora 35 au mpya zaidi, kagua virtstoraged, huduma ya upande wa hifadhi, kwani kazi za libvirtd ziligawanywa kwa huduma ndogondogo.

Ikibaki vilevile, weka hapa mistari 20 ya mwisho ya journalctl.