Kusomesha watoto nje kupitia kikundi cha akina mama

Dada, umeuliza kama ni sawa kikundi chenu, kinachosomesha watoto wa nchi nyingine, kumtumia ada yao mtu mmoja mnayemjua huko nje. Hapana jamani, hata kama ni mtumishi wa Mungu, lipeni moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na mdai risiti kila muhula. Ila kabla ya yote ongeeni na akina mama wa kanisa la huko wawaambie shida iko wapi, maana unaweza kulipa ada mtoto bado anakaa nyumbani kisa hana yunifomu au pedi, inauma sana hiyo. Mothers' Union, yaani umoja wa akina mama wa kanisa la Anglikana, alioanzisha Mary Sumner 1876 Uingereza, wanafanya kazi hivyohivyo, kupitia wanachama wa palepale. Na msianze na watoto wengi, chukueni wachache mtakaowafikisha mwisho.