Keki iliyozama, jiko la makaa na kiganja cha kukhu: majibu ya maswali yenu

Nilihamia Nakuru kutoka Kisumu. Keki niliyokuwa nikioka bila shida sasa inaumuka vizuri, halafu inazama katikati. Nimebadilisha unga mara mbili. Nifanye nini?

Rudia unga wako wa zamani, hauna kosa. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu mita 1,850. Huko juu mkandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo viputo vya beking pauda hutanuka haraka na kwa nguvu. Keki hupanda kabla yai na unga havijashikana, viputo vinapasuka, na katikati panaanguka kwa sababu ndipo panapochelewa kuiva. Maji nayo hukauka upesi zaidi, sukari inabaki nyingi kuliko inavyotakiwa, na sukari nyingi huchelewesha keki kushikana.

Kwa keki ya vikombe 2 vya unga, kama ulikuwa ukitia vijiko 3 vya chai vya beking pauda, tia 2 na robo. Toa vijiko 2 vya mezani kwenye kila kikombe cha sukari. Ongeza maziwa vijiko 3 au 4 vya mezani. Kama una oveni, panda kutoka nyuzi 180 hadi 190 na uanze kuikagua dakika tano mapema. Badilisha beking pauda kwanza, uoke, uone. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

Kabla ya hayo yote, soma pakiti. Kuna unga wa ngano unaouzwa ukiwa tayari na beking pauda ndani. Ukiongeza yako, keki itazama hata ukioka ufukweni Dunga, kulekule Kisumu.

Sina oveni. Nikioka kwa jiko la makaa, chini inaungua na juu inabaki nyeupe.

Moto wako uko upande usiofaa. Makaa mengi yanatakiwa juu: theluthi mbili juu ya kifuniko, theluthi moja chini.

Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga ndani mchanga safi mkavu wa kina cha sentimita 2, funika, uache ipate moto dakika kumi. Sufuria ndogo ya keki ipake siagi, inyunyizie unga, kisha uijaze mchanganyiko hadi nusu, usizidishe. Ikalishe juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa sinia bapa au kifuniko kisicho na kishikio cha plastiki, upange makaa juu, mengi pembeni kuliko katikati. Keki ya vikombe 2 vya unga huchukua dakika 40 hadi 50. Usifunue kabla ya dakika 30, kwa maana hewa baridi ikiingia wakati katikati bado ni uji, keki inaanguka. Baada ya hapo choma katikati kwa njiti safi: ikitoka kavu, imeiva.

Makaa yanayowaka miali bado hayajawa tayari, ngoja yavae jivu jeupe. Na jiko likae nje au kwenye mlango ulio wazi. Gesi ya makaa inayoua haina harufu, na mvua ya jioni ndiyo inayowashawishi watu kuingiza jiko ndani na kufunga dirisha.

Kukhu wetu (nyanya, kwa Kiluhya) wa Kakamega hupima mandazi kwa kiganja. Watoto wanataka kuandika mapishi yake, lakini kila wakimuuliza "kiasi gani?" anajibu "cha kutosha".

Jibu lake ni sahihi, swali ndilo lenye kasoro. Anaangalia jinsi unga unavyopokea maji, na unga wa leo haupokei sawa na wa wiki jana. Mwacheni apike kama kawaida, mpime alichokiacha.

Kabla hajaanza, pima pakiti ya unga kwenye mizani. Akimaliza, pima kilichobaki. Pakiti ya gramu 2,000 ikibaki na 1,180, ametumia 820. Maji mpe kwenye chupa ya nusu lita iliyojaa. Ikibaki mililita 90, ametumia 410, yaani nusu ya uzito wa unga. Hesabu hiyo aifanye mtoto wa miaka tisa au kumi, akiwa na daftari na peni. Chumvi ya vidole vitatu ni ndogo mno kwa mizani ya nyumbani: mwombe kukhu achukue mara kumi aweke kwenye kisahani, pima yote, gawa kwa kumi.

Fanyeni hivyo siku tatu tofauti, kisha mweke kiasi cha chini na cha juu. Namba moja peke yake itawadanganya.

Swali la kumuuliza ni "Kukhu, umejuaje imetosha?" Hapo mtapata maneno kama unga haugandi tena kwenye beseni, au umekuwa laini kama ndewe ya sikio. Andikeni maneno hayo kama alivyoyasema, kando ya gramu. Magoti yakimsumbua, mletee beseni mezani na kiti chenye mgongo. Kukanda akiwa amekaa kunawezekana kabisa.

Wa miaka minne na wa gredi ya nne wote wanataka kusaidia. Nimpe nani nini?

Mdogo achekeche unga, aponde ndizi mbivu kwa uma, apake sufuria siagi kwa karatasi. Chora mstari wa chaki mita moja kutoka kwenye jiko lenye moto na asiuvuke. Mchanganyiko mbichi asilambe, una mayai na unga ambao haujapikwa. Akiungua, maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Mkubwa mfiche vikombe vyote isipokuwa cha robo, kisha mwambie mapishi yanataka kikombe kimoja na nusu. Akifika kujaza mara sita bila kuambiwa, mwongeze: "Tunaoka mara mbili, sasa ni robo ngapi?"

Keki ya unga wa wimbi inavunjika ovyo.

Wimbi halina ule mnato wa ngano unaoshika keki. Tumia kikombe 1 cha wimbi kwa 3 vya ngano, ongeza yai moja, uache mchanganyiko utulie dakika 15 wimbi linywe maziwa. Usiikate ikiwa moto.

Dani (nyanya, kwa Kijaluo) ana kisukari. Nikitumia sukari guru au asali, ataweza kula?

Mwilini, zote ni sukari, na wimbi pia ni wanga. Punguza sukari kwa theluthi moja, keki bado itakuwa laini. Ukipita nusu itakauka na kubaki nyeupe. Mpe kipande cha upana wa vidole viwili baada ya chakula, kwa chai isiyo na sukari, na punguza ugali kwenye sahani hiyo. Kama anatumia insulini, muulizeni daktari wa kliniki yake kabla ya kuoka.